Mchanga wa Kwale, maji ya Athi na somo nililopewa Kwa Vonza

Chai ya kwanza niliyokunywa Kwa Vonza ilikuwa na chumvi. Nilidhani mwenye hoteli amekosea kopo, nikamwita. Akacheka. "Mzee, hiyo si chumvi ya jikoni. Hayo ndiyo maji yetu." Mpwa wangu aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Mjomba, kunywa tu, utazoea."

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Ni mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Msambweni, na yuko mwaka wa nne akisomea kemia katika chuo kikuu cha SEKU, ambacho kampasi yake kuu iko hapo Kwa Vonza, nje ya mji wa Kitui kwenye barabara ya Machakos. Nilipita njia ya Kibwezi, nikavuka mto Athi, nikapita Mutomo, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Sikwenda kutafuta habari ya kuandika. Lakini nilichoonyeshwa kule kinatuhusu sisi wa pwani kuliko wenyeji wa Kitui, na ndiyo maana nakuletea, ndugu msomaji.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasayansi. Stashahada yangu ni ya ugavi na bohari, na kemia ya kidato cha nne niliiacha pale iliponiacha. Kwa hivyo nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi, pole pole.

Chupa tatu juu ya ukuta

Asubuhi ile mpwa wangu alikuwa amepanga chupa tatu za plastiki angavu juu ya ukuta wa nyumba anayopanga. Zote zilikuwa na maji yaliyotiwa rangi ya buluu, ile inayoitwa methilini bluu, ambayo wanafunzi wa kemia huitumia kama mfano wa uchafu wa viwanda vya nguo. Chupa ya kwanza ilikuwa na rangi peke yake. Ya pili alitia unga kidogo wa kijivu, kiasi cha ncha ya kijiko. Ya tatu alitia unga ule ule lakini akaifunga kwa kitambaa cheusi, jua lisiingie. Kila baada ya muda alitoka nje akazitikisa zote.

Tuliporudi baada ya swala ya alasiri, chupa ya kwanza ilikuwa imepauka kidogo tu. Ile iliyofungwa kitambaa ilikuwa bado ya buluu. Lakini ya pili, iliyopata unga na jua pamoja, maji yake yalikuwa karibu meupe, na unga umetulia chini kama machicha.

"Rangi imekwenda wapi?" nikauliza. "Imeshikwa na unga?"

"Hapana, mjomba. Ingekuwa imeshikwa tu, na ile ya kitambaa ingesafika. Hii imevunjwa. Jua limempa unga nguvu, na unga umeivunja rangi vipande vipande, mpaka nyingi yake ikabaki hewa na maji."

Unga ule ni nini

Sehemu kubwa ya unga ule ni titaniamu dayoksaidi. Jina ni geni lakini kitu si kigeni: ndicho kinachoipa weupe rangi ya ukutani, plastiki nyeupe na hata dawa nyingi za meno. Tofauti ni kwamba unga wa mpwa wangu umesagwa hadi kufikia kiwango cha nano.

Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Na kwa nini kusaga hivyo? Mwanamke yeyote wa pwani anajua jibu: nazi nzima ukiitia majini hupati tui. Lazima uikune, na kadiri unavyoikuna laini, ndivyo maji yanavyopata mahali pengi pa kugusa.

Hesabu yake inashangaza. Chukua kipande chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Nyuso zake sita zikijumlishwa ni sentimita 6 za mraba. Kikate hadi kila kipande kiwe na nanomita moja kila upande. Kitu ni kile kile na uzito ni ule ule, lakini sasa nyuso zote kwa pamoja zinafika mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira. Na kwa kuwa kazi ya kuvunja uchafu hufanyika juu ya uso wa chembe, mahali pa kufanyia kazi pameongezeka mara milioni kumi.

Kazi yenyewe ni hivi. Mwanga ukiipiga chembe ile, elektroni moja huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni na pengo lake vyote vina njaa. Vikikutana na maji na oksijeni iliyomo majini, huzaa chembe kali zisizodumu hata sekunde moja, lakini katika muda huo mfupi huuma chochote kilicho karibu: rangi ya nguo, dawa ya kuulia wadudu, mabaki ya antibiotiki, hata ngozi ya kijidudu cha kipindupindu. Wenyewe wanaiita kazi ya kichocheo cha mwanga. Unga hauishi, kama vile jiwe la kunolea lisivyokuwa kisu. Unachochea tu, jua ndilo linalolipia gharama.

Kwa nini mchanganyiko

Tatizo ni kwamba titaniamu dayoksaidi ikiwa peke yake ni mvivu. Inaamshwa na miale ya urujuanimno tu, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, na miale hiyo ni kama sehemu moja kati ya ishirini ya nguvu ya jua linalotufikia. Sehemu kumi na tisa zinapotea. Tena, elektroni nyingi hurudi kwenye pengo lake kabla ya kufanya kazi yoyote.

Hapo ndipo linapokuja neno ambalo mpwa wangu alilitamka mara nyingi: nanokompoziti. Usitishike. Sisi tumekulia ndani ya kompoziti. Nyumba ya kukandika ni nini? Fito peke yake upepo unapita. Udongo peke yake mvua ya kwanza inaubomoa. Vikishikana vinamlea mjukuu. Nanokompoziti ni vivyo hivyo, ila fito na udongo wake havionekani kwa macho.

Kwa titaniamu dayoksaidi wanaongeza kitu kingine, tuseme kaboni nitraidi, inayoweza kuamshwa na mwanga wa kawaida, na ambayo husaidia kuitenga elektroni isirudi kwao haraka. Wengine huongeza makaa yaliyotengenezwa maalumu, ili yauvute uchafu na kuushikilia karibu na chembe zinazovunja. Makaa bora ya kuchujia maji duniani hutengenezwa kwa vifuu, vifuu hivi hivi tunavyovichoma jikoni. Wengine huongeza magnetaiti, chuma chenye kunata kwenye sumaku, ili kazi ikiisha unga uvutwe kwa sumaku na kutumika tena, badala ya kuubakisha ndani ya maji ya kunywa.

Na nishati inatoka wapi

Elektroni ile ile inayovunja uchafu inaweza kuyapasua maji yenyewe. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha majaribio yao: titaniamu dayoksaidi ndani ya maji, ikapigwa na mwanga, maji yakagawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni ni nishati. Ukiichoma inatoa moto, na moshi wake ni mvuke wa maji. Ndiyo maana utafiti wa kusafisha maji na utafiti wa nishati safi unafanywa na watu wale wale, na mara nyingi kwa unga ule ule. Kuna hata majaribio ambayo uchafu wa majini unalishwa kwa lile pengo lenye njaa, elektroni ikabaki huru kutoa haidrojeni. Uchafu unageuka kuni.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walieleza jaribio la paneli za aina hii zenye ukubwa wa mita 100 za mraba, nje juani. Kiwango cha juu walichopata ni asilimia 0.76 ya nguvu ya jua kugeuka haidrojeni. Sola ya kawaida juu ya paa lako hugeuza karibu asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hivyo mtu akija mtaani kwako mwaka huu na mtungi wa haidrojeni ya unga wa nano, mfungie mlango kwa adabu. Upande wa nishati bado ni shamba linalolimwa. Upande wa maji ndio ulio karibu na mavuno.

Mto wenyewe unatujia

Sasa rudi nami kwenye daraja la Athi. Mito ya Nairobi, yaani mto Nairobi wenyewe, Ngong na Mathare, hubeba maji ya vyoo na ya viwanda na kuyamwaga katika Athi. Athi inapita Machakos, inakuwa mpaka kati ya Makueni na Kitui, inakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na inaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mto mmoja, majina matatu.

Mpakani mwa Makueni na Kitui ndipo linapojengwa bwawa la Thwake, kazi iliyoanza 2018, lenye ukuta wa zaidi ya mita 80 na uwezo wa kuweka lita bilioni 688 za maji ya kunywa, ya kilimo na ya umeme. Wasiwasi kuhusu uchafu utakaokusanyika humo umekwisha kusemwa hadharani. Na chini zaidi, Baricho, visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa Sabaki vinatoa maji yanayonywewa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Mchanga wa mto ni kichujio kizuri alichotuwekea Mola. Unazuia matope na vijidudu vingi. Lakini mchanga haukuumbwa kwa ajili ya dawa za viwandani.

Tangu chuoni tulifundishwa kuyatazama maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Yakibadilika kwa najisi, hayafai kwa tohara. Kanuni hiyo iko pale pale na mimi si mtu wa kuigusa. Kosa letu ni kuifanya kipimo cha kunywa. Tunainua glasi, tunaona maji meupe, tunasema "haya safi" na tunampa mtoto. Risasi haina rangi majini. Floraidi haina harufu. Dawa ya kuulia wadudu kwa kiwango kidogo haina ladha. Watu wa Owino Uhuru pale Mombasa hawakuonywa na macho wala pua zao kuhusu sumu ya risasi iliyoingia katika damu za watoto wao. Mpaka mahakama ya mazingira ilipowapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, madhara yalikuwa yamekwisha kuingia mwilini.

Unga hauwezi kila kitu

Nilimuuliza mpwa wangu swali ambalo nadhani nawe unalo. Kama unga huu ni hodari hivyo, mbona chai ya Kwa Vonza bado ina chumvi?

"Kwa sababu chumvi haivunjiki, mjomba. Unga huu unavunja vitu vilivyounganishwa. Chumvi, floraidi na risasi vimekwisha kuwa vidogo kabisa. Hivyo havivunjwi, vinashikwa au vinazuiliwa."

Hilo ni jambo kubwa, na wauzaji wa mitambo hawalisemi. Kila uchafu una dawa yake. Vijidudu huuawa kwa moto, klorini au jua. Rangi na dawa za kemikali huvunjwa au hunaswa na makaa. Floraidi na risasi hunaswa na vitu vilivyotengenezwa kwa ajili yake, na hapo pia chembe za nano zina kazi. Chumvi huzuiliwa kwa utando maalumu, maji yakisukumwa kwa nguvu, na hiyo inakula umeme. Kuchemsha hakuondoi risasi wala floraidi. Maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki ile ile.

Mtu wa karibu yetu aliyelielewa hilo ni Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Kaskazini mwa Tanzania maji mengi yana floraidi kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na wenyeji wanaonekana kwa meno yao. Kichujio chake kinatumia mchanga kwanza, kwa uchafu wa kawaida, kisha chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na tatizo la maji ya mahali hapo. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Hakuanza na mtambo akatafuta pa kuuza. Alianza na maji, akayapima, kisha akatengeneza dawa yake.

Mchanga uliokwenda

Jioni ile mpwa wangu alinionyesha kikopo alichotolea unga. Kidogo, cha kutosha kiganjani, na kimetoka ng'ambo. Akanitazama, akacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. "Mjomba, huenda huu ni mchanga wetu umerudi nyumbani."

Msomaji wa Kwale ameshanielewa. Titaniamu hutoka katika madini ya ilmenaiti na rutaili, na mchanga wa Maumba na Nguluku, karibu na kwao, ulikuwa umejaa hayo. Februari 2014 meli ya kwanza iliondoka Likoni imebeba ilmenaiti. Kwa zaidi ya miaka kumi meli zikaendelea, na ukawa mgodi mkubwa kuliko yote Kenya. Desemba 2024 uchimbaji ukasimama, madini yamekwisha. Rutaili ni titaniamu dayoksaidi yenyewe, bado haijasafishwa. Mchanga uliondoka kwa tani, unarudi kwa gramu, na bei ya gramu anailipa mwanafunzi.

Sisemi kwamba tungejenga kiwanda cha nano Ukunda kwa siku moja. Kusafisha madini yale kunataka umeme mwingi, kemikali kali na mtaji. Nasema kwamba katika miaka yote ile tulibishana kuhusu fidia, ajira na mrabaha, yote ya haki, lakini sikumbuki baraza moja nililohudhuria ambapo mtu aliuliza: mchanga huu unakwenda kuwa nini? Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa nikipita Likoni, naziona meli, nadhani zinabeba mchanga.

Tufanye nini

Kwanza, nyumbani. Maji unayoshuku kuwa na vijidudu, chemsha au tia dawa. Kama huna kuni, chupa ya plastiki angavu iliyojaa maji yasiyo na matope ikilazwa juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, inaua vijidudu vingi. Katika miaka ya 1990 watafiti walijaribu njia hiyo kwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya, na kuharisha kukapungua. Lakini kumbuka, hiyo ni kwa vijidudu tu. Na usinunue unga wowote wa nano ukautia kwenye mtungi. Chembe zile hazifai kunywewa ovyo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku titaniamu dayoksaidi kwenye vyakula mwaka 2022.

Pili, tuulize vipimo. Kila bomba na kila kisima kirefu kinachouza maji kinapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha yamepimwa lini na yameonekana na nini. Karatasi hiyo ibandikwe msikitini, sokoni na shuleni. Bila kipimo hatujui tunatafuta dawa ya nini, na hapo ndipo tunapouziwa mitambo isiyo yetu.

Tatu, tuwashike vijana wetu. Mwenye kujua mambo haya anatoka Msambweni na anasoma ukambani, kwenye maji ya chumvi, kwa kikopo cha unga alichokinunua kwa kuchangiwa na jamaa. Akimaliza, nani atampa maabara huku kwetu? Au naye ataondoka Likoni kama ule mchanga?

Aliponisindikiza kituoni nilimuuliza anataka nimletee nini safari ijayo. Nilitarajia aseme halua. Akasema, "Mjomba, ukifika nyumbani, niulizie maji ya bomba letu yalipimwa lini mara ya mwisho."

Nimekwenda katika ofisi inayohusika na nimeuliza. Nimeambiwa nirudi Jumatatu.